Mkono wa Nkwimba

Nimestaafu juzijuzi na tayari nimeulizwa mara nne kama nina mpango wa kufuga kuku. Sina. Kuku wana utitiri, na utitiri nimeutazama vya kutosha. Nilichoahidi ni kuwaandikia ninyi mliobaki kliniki ya ngozi, kwa sababu Dokta Rehema alinivuta pembeni siku ya kuniaga akasema, "Mama, usituachie majalada tu." Basi naandika. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nani hakunipandisha. Nitaeleza niliyoyaona, na moja katika hayo sijawahi kulisimulia lote.

Nilianza kazi katika chumba cha mwisho cha korido, chenye dirisha linalotazama mawe na ziwa. Mkubwa wangu alikuwa Daktari Pravin, mzaliwa wa Mwanza, mtoto wa muuza vitambaa, mtu mwembamba aliyejua Kisukuma kuliko mimi Mjita niliyetoka ng'ambo ya pili ya ghuba. Asubuhi yangu ya kwanza alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi aliyelalamika kuwashwa mwili mzima bila upele. Daktari Pravin akamwambia avue shati na ageukie dirishani. Akachukua kijiko chake cha chai, akapitisha mpini mgongoni mwa yule mwalimu, taratibu, kisha akaniuliza habari za safari. Nikamsimulia. Baada ya dakika chache akanionyesha kwa kidevu nitazame.

Neno KARIBU lilikuwa limevimba mgongoni mwa yule mwalimu. Herufi zilinyanyuka nene, zikasomeka mpaka mlangoni, na mwenye mgongo alikuwa ametulia anatazama ziwa, hajui kwamba anasomwa. Ni ugonjwa mdogo, ngozi yenye hasira za karibu, na vidonge vya aleji vilimtosha. Lakini ukishapokewa kazini kwa njia hiyo huwezi tena kuidhania ngozi kuwa nguo tu ya kufunika nyama. Tangu siku ile niliamini kwamba inasikia, na kwamba inaweka kumbukumbu.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: lenzi ya mkono, rula, kalamu ya wino, wembe wa kukwangulia magamba, darubini moja iliyotaka kubembelezwa, na kipande cha kioo. Kioo unakikandamiza juu ya doa. Doa likipotea, damu bado iko kwenye mishipa yake. Likibaki, damu imeshamwagika. Kile kipande cha kioo nimeondoka nacho, msihangaike kukitafuta.

Daktari Pravin alikuwa na kanuni moja iliyonichosha. Alinikataza kumuuliza mgonjwa anatumia dawa gani.

"Hilo neno lina mifuko miwili," aliniambia. "Wewe unafikiria vidonge. Mwanamke aliyekaa na mkwe wake hapo anafikiria kitu cha kuweka kwenye chakula cha mume. Atakujibu hakuna kabla hujafunga mdomo."

"Sasa niulize nini, Daktari?"

"Uliza kilichopita kooni. Tangu mwezi uandame mpaka leo. Kitu kwa kitu, hata maji."

Nilifanya hivyo alipokuwa nyuma yangu. Ilikula nusu saa kwa mgonjwa mmoja, na foleni nje inakohoa kwa makusudi ili tuisikie. Alipoondoka kazini akaenda kuishi kwa binti yake, tulikuwa tumeletewa fomu mpya, nzuri, zenye visanduku. Kisanduku cha nne kiliandikwa: Dawa anazotumia. Nikaona ni ahueni. Niliuliza kama fomu inavyouliza, nikajaza, nikaita anayefuata.

Miaka ikaenda. Niliona nyuso zilizopakwa mkorogo mpaka zikageuka, zikawa nyeusi ya bluu kuliko zilivyoanza, na wenyewe wakaniomba krimu kali zaidi. Nilijifunza kuchoma madoa hatari kwa gesi baridi kwenye mabega ya watu wenye ualbino, na kugombana na watu wazima kuhusu kofia. Niliona mistari ya moto shingoni mwa watu waliopangusa mdudu usingizini, wakaapa wamepigwa fimbo na mtu asiyeonekana. Wengi walipona, wachache walitushukuru, na mmoja aliniletea sato mkubwa ambaye alikaa kwenye friji ya chanjo hadi msimamizi akamgundua. Kwa sababu ya kazi hiyo mtaani waliniita Mama Ngozi, na jina hilo nililizoea kuliko la kwangu.

Katikati ya miaka hiyo aliletwa Nkwimba.

Alitoka ng'ambo, upande wa Busisi, amevushwa kwa feri akiwa amelazwa kwenye godoro. Alikuwa na mimba kubwa. Aliyemleta ni mama mkwe wake, Mama Masanja, mwanamke mrefu wa maneno machache ambaye hakukaa kwenye kiti hata mara moja. Niliitwa wodini kwa sababu waliompokea walidhani ameungua na maji ya moto, lakini hakuna aliyekuwa amesikia habari ya sufuria wala moto. Ngozi ilikuwa inajitenga naye yenyewe. Walipomgeuza, sehemu ya mgongo ilibaki kwenye shuka. Midomo ilikuwa imeshikana. Macho yalikuwa wazi na yana akili zote.

Nikafungua fomu. "Anatumia dawa gani?" nikauliza.

"Hatumii dawa," Mama Masanja akajibu haraka, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. "Kwangu hakuna mtu wa dawa."

Nikamtazama Nkwimba. Hakuweza kusema. Lakini mkono wake wa kulia uliinuka, ukaushika mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. Akaukaza. Akauachia. Akaukaza tena. Alirudia hivyo huku amenikazia macho, na mimi nikadhani dripu iliyokuwa upande ule inamuuma. Nikaagiza ihamishwe. Ilipohamishwa akaendelea vilevile, kukaza na kuachia, mpaka aliposhindwa kuuinua ule mkono. Alfajiri ya siku ya tatu tulimpoteza yeye na mtoto. Mama Masanja alirudi naye Busisi kwa feri ileile, na mimi nilibaki na ile ishara. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipiga pasi au nikichambua mchicha najikuta nimejishika mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.

Sasa niwapeleke mbele, kwenye siku mnazozijua wenyewe. Dokta Rehema alikuwa ameshakuja, na simu yake yenye lenzi ya kubana, na kishikwambi, na ile programu inayotazama picha ya doa na kutaja majina matatu ya ugonjwa, la kwanza likiwa ndilo inaloliamini zaidi. Mimi niliiita mpiga ramli. Rehema hakupenda. Nakubali kwamba mara nyingi ilipatia, na kwamba picha zake ziliokoa watu wa visiwani ambao zamani wangefika kwetu wamechelewa. Lakini haikuwahi kumuuliza mtu chochote, na kwa tabia hiyo tulifanana nayo kuliko nilivyotaka kukiri.

Wakati huo nguzo za daraja zilikuwa zimeanza kuota majini pale Kigongo, na feri bado ndiyo ilikuwa njia. Siku hiyo aliingia binti mjamzito, mchangamfu, na nyuma yake mwanamke mrefu aliyekataa kiti. Sikumtambua Mama Masanja. Alikuwa amezeeka, na mimi nilikuwa nimezeeka zaidi. Binti aliitwa Kabula. Alipandisha mkono wa blauzi na kutuonyesha.

Kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kulikuwa na madoa matano. Manne yalipangana upande wa nje, marefu kidogo, meusi yenye zambarau. La tano, pana, lilikuwa upande wa ndani. Sikuhitaji kuambiwa yanafanana na nini. Mtu alikuwa amemshika.

Rehema akapiga picha, na programu ikasema jambo lilelile: michubuko, huenda ya kushikwa kwa nguvu. Kwa haki kabisa Rehema akamwomba mama mkwe atoke nje, akafunga mlango, akauliza kwa upole kama mume anampiga.

Kabula akacheka. "Masanja? Masanja hata kuku hachinji. Anaita jirani."

"Basi nani alikushika?"

Kicheko kikaisha. "Yanakuja nikiwa kwenye feri," akasema. "Nikitoka kliniki. Tunaondoka Kigongo niko mzima, tukifika katikati ya maji pananiwasha hapa, halafu panakuwa pa moto. Nikifika nyumbani yameshatoka."

Kliniki yake ya mimba ilikuwa upande huu, Usagara. Kwao kulikuwa na zahanati ya karibu, lakini mama mkwe aliikataa kwa sababu palikuwa na mkosi. Kwa hiyo kila mwezi walivuka.

Nikashika fomu. "Unatumia dawa yoyote, Kabula?"

"Hapana, Daktari. Sijamfanyia mtu kitu chochote."

Someni tena hilo jibu. Lilikuwa linanipigia kelele na mimi nikaandika: hakuna. Mtaniuliza kuhusu kadi ya kliniki. Kadi ilibaki nyumbani, kwa sababu kwetu walikuja kwa ajili ya ngozi na si kwa ajili ya mimba, na mimi sikuiulizia. Nikampa krimu ya kutuliza na kumwambia arudi yakimtokea tena.

Alirudi mwezi uliofuata, siku moja baada ya kliniki. Madoa yalikuwa yameamka. Yamevimba, ukingo mwekundu, na lile la ndani lilikuwa na lengelenge katikati. Doa la sita lilikuwa limetokea mdomoni. Rehema akapiga picha mpya na kuiweka juu ya ile ya zamani kwenye kishikwambi, moja ikiwa nyepesi juu ya nyingine, akazisogeza kwa kidole mpaka kovu la chanjo likaoana na kovu la chanjo. Madoa yote matano yakaoana. Hayakuzidi ukingo hata kwa upana wa uzi.

"Mtu akikushika mara mbili," Rehema akasema polepole, "hawezi kurudisha vidole palepale."

"Wa kwetu anaweza," alisema Mama Masanja.

Alikuwa amesimama mlangoni. Akasogea, na kwa mara ya kwanza akakaa.

"Huyu ni mdogo wake Nkwimba," akasema. "Nkwimba alikuwa mke wa mwanangu, alifia hapa kwenu. Wazee wa pande mbili wakakaa, wakasema nyumba isivunjike, wakatupa huyu mdogo. Na Nkwimba alikuwa nayo hayo hayo, dakitari. Mkono huohuo. Yalimtoka mala mbili, ya tatu ngozi ikamvuka. Huyu sasa zimefika mbili. Dada yake anamdai kitanda chake, anamshika pale pale katikati ya maji maiti yake ilipovukia. Mimi sitangoja ya tatu. Alhamisi ya wiki ya nne ana kliniki, akiimaliza hiyo, kadi yake ikawa nzuri, namrudisha kwao Sengerema na ng'ombe wabaki huko huko, siwataki."

"Mama, ukinirudisha ndoa imekwisha," Kabula akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikutetemeka. "Mimi nampenda Masanja. Nkwimba hawezi kunifanyia hivi. Ndiye alinifundisha kusuka."

"Ng'wana wane, mwanangu, nataka uishi."

Niliogopa, nasema kweli. Sikuogopa mzimu. Niliogopa kwa sababu nililijua lile lengelenge na nilikumbuka ile shuka. Kuna kitu kilikuwa kinamwingia huyu binti, ngozi ilikuwa inakitambua kila kilipopita, na kila safari ilijibu kwa sauti kubwa zaidi. Nikamuuliza tena kuhusu dawa. Akaapa kwa mtoto aliye tumboni. Nikamuuliza Mama Masanja, naye akanitazama kwa macho yaleyale ya wodini, ya mtu aliyetukanwa. Wakaondoka.

Nililitafuta jalada la Nkwimba. Stoo ya majalada ilikuwa imehamishwa mara mbili na mtunzaji wake alikuwa hana haraka na marehemu. Lilipatikana wiki ya nne, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nililisoma nimesimama palepale stoo, chini ya dirisha dogo, kwa mwanga kama aliotaka Daktari Pravin. Kisanduku cha nne, kwa mwandiko wangu: Dawa anazotumia, hakuna. Na chini yake, kwa mwandiko wangu tena: Mgonjwa anashika mkono wa kushoto mara kwa mara. Dripu imehamishwa.

Nkwimba alikuwa ananionyesha madoa. Ngozi ya mkono ilikuwa imeharibika kiasi kwamba hayakuonekana tena, kwa hiyo aliyachora kwa vidole vyake, pale yalipoanzia. Alinieleza kila alichoweza kunieleza, na mimi nikahamisha dripu.

Alhamisi. Wiki ya nne. Nikapiga simu ya Kabula. Haikupokelewa. Nikapiga tena.

"Shikamoo, Mama Ngozi."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Kliniki, hapa Usagara. Nimeshapimwa."

"Kabula, leo sikuulizi dawa. Nitajie vitu vyote vilivyopita kooni mwako tangu ulipoamka. Kimoja kimoja."

Alisita, akadhani nimechanganyikiwa, akanijibu kwa heshima. "Uji. Maji. Kile kidonge chekundu cha damu. Karanga, mama alininunulia kwenye feri."

"Na mwezi uliopita, siku ya kliniki?"

"Hivyohivyo. Na vile vya mtoto."

"Vipi vya mtoto?"

"Vile vyeupe vitatu. Nesi anatusimamia tunavimeza hapahapa mbele yake. Lakini si vyangu, Mama. Ni vya mtoto. Nesi mwenyewe ndivyo anavyotuambia, mezeni mkinge mtoto."

Vidonge vya SP, vya kukinga malaria ya mimba. Kila mjamzito kanda yetu anavimeza, vimeokoa watoto wengi mno, na nisisikie mtu amenisoma hapa akaenda kumkataza mjamzito asivitumie. Lakini ndani yake kuna salfa, na wapo watu wachache ambao ngozi zao hazitaki kuiona salfa. Ikiwaingia huchagua mahali, huweka doa, na ikirudi huanza palepale, saa moja au mbili baadaye. Kabula alikuwa anameza saa tatu Usagara, na saa tano alikuwa katikati ya maji.

"Leo umeshavimeza?"

Nilisikia kikombe cha bati kikigonga meza.

"Bado," akasema. "Ninavyo mkononi."

"Fumba mkono. Usimeze. Mpe nesi simu."

Nesi alikuwa mkali, na nilimpenda kwa hilo. "Mimi nina wajawazito arobaini hapa. Kadi yake imeandikwa mzio hakuna."

"Aliyeandika alimuulizaje?"

"Nilimuuliza kama ana dawa inayomdhuru."

"Na mimi nilimuuliza hivyohivyo," nikamwambia. "Mara mbili. Na dada yake kabla yake, na alikufa."

Nilimsikia nesi akisema, kwa sauti tofauti kabisa, "Fungua mkono, mdogo wangu, nirudishie," kisha akavihesabu kwa sauti ili nisikie, moja, mbili, tatu.

Kesho yake walikuja wote wawili, na kadi, yenye maandishi mapya kwa wino mwekundu: Asipewe SP, Septrini wala dawa yoyote yenye salfa. Mkono wa Kabula ulikuwa na madoa yake matano, yamelala, meusi na baridi. Hayakuwa yameamka. Mama Masanja alisimulia kwamba walivuka jana ileile kwa sababu alitaka kujua. Alimweka Kabula katikati ya feri, mbali na reli, akaweka kiganja chake juu ya madoa, vidole vyake juu ya vile vidole, akakishikilia kutoka Kigongo hadi Busisi. Alisema kimoyomoyo kwamba kama Nkwimba anakuja basi amshike yeye kwanza.

"Hakuja," akasema.

"Hakuwahi kuja, Mama Masanja. Ni vile vidonge. Kabula hana sababu ya kurudi kwao."

Alitikisa kichwa kukubali. Nilidhani tumemaliza. Kisha akaniuliza, "Na Nkwimba naye, ni nani alimshika?"

Jalada lilikuwa kwenye droo yangu. Ningeweza kuliacha humo; hakuna aliyekuwa analitafuta. Nililitoa, nikamsomea mistari yote miwili, ya kisanduku cha nne na ya dripu. Nikamwambia kwamba siku aliyolazwa alikuwa ameshameza, pengine nisingemponya, lakini alinieleza chanzo akiwa hai na mimi sikumsikia, na kama ningemsikia, mdogo wake asingepewa hata kimoja. Nikamwomba msamaha.

Mama Masanja aligeukia dirishani.

"Siku ile zahanati ilikuwa haina maji ya kumezea," akasema. "Wakampa akamezee nyumbani. Akakaa navyo mpaka jioni. Akaniambia, mama, vikinipita hivi mkono unaniwasha, naviogopa. Mimi ndiye niliyemchotea maji. Nikamwambia meza, si vyako wewe, ni vya mtoto."

Kabula aliinuka akaenda kumshika. Rehema alitoka nje. Mimi nilibaki palepale kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi sikumwita anayefuata.

Kuhusu madoa ya dada wawili, madaktari wakubwa watawaambia damu ni moja na ngozi zao zilirithi uadui uleule, na nitakubaliana nao. Lakini ngozi huchagua mahali pake kivyake. Kwa nini ilichagua mkono huohuo, juu ya kiwiko hichohicho, vidole vinne nje na kimoja ndani, hilo sina maelezo yake. Nimelitafuta vitabuni nikalikosa, na ile programu nayo haikuwa na la kusema.

Fomu za karatasi nilizokuta zimebaki nilikata kisanduku cha nne kwa kalamu, moja baada ya nyingine, nikaandika juu yake: Nini kimepita kooni? Kwenye kishikwambi huwezi kukata kitu kwa kalamu. Bado kinauliza dawa anazotumia, na ninyi bado mnabonyeza hakuna kwa sababu kidole kinafika hapo kwa urahisi. Rehema ameniahidi atawasumbua waliokitengeneza. Msumbueni Rehema.

Mwezi uliopita Kabula alinifuata kwangu Nyegezi ili nikaione nyumba yake. Alikuja na binti yake, mwenye miaka michache na maswali mengi, ambaye wamempa jina la Nkwimba. Basi letu lilipita Usagara, likafika Kigongo, na badala ya kuteremka kungoja feri tukapanda moja kwa moja juu ya daraja. Mtoto alibandika uso kwenye kioo. Chini yetu maji yalikuwa kimya.

Tulipofika katikati, nilimwona Kabula anauinua mkono wa kulia. Akaushika wa kushoto, juu ya kiwiko, juu ya gauni, pale madoa yalipo hadi leo. Akakaza. Akaachia. Akakaza tena. Nilimgeukia upesi, kwa sababu nilikuwa nimeiona ishara ile mara moja tu, na yeye hakuwa wodini siku ile wala sikuwahi kumsimulia kule kukaza na kuachia.

"Kabula, pameanza? Umemeza nini?"

Akanitazama kwa mshangao, kisha akatabasamu.

"Hapana, Mama. Hapa ndipo dada alipovukia. Namsalimia tu."